Haki ya Kutangaza Mechi: Kinachouzwa na Anayekiuza katika Kandanda ya Vilabu vya Ulaya

Magazeti yetu ya Kiswahili yanapoandika habari za Ligi Kuu ya Uingereza au za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya hutumia mara kwa mara fungu la maneno "haki za matangazo". Msomaji hulipita fungu hilo pasi na kulitilia maanani, kwa kuwa anajua, au anadhani anajua, kinachosemwa: kwamba kampuni fulani ya runinga imelipa fedha nyingi ili ionyeshe mechi, na kwamba nyingine haikulipa na kwa hivyo haiwezi. Hata hivyo, mtu wa taaluma ya lugha akilitazama kwa makini ataona lina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ndogo. Neno "tangazo" katika Kiswahili cha leo limebeba mizigo miwili: mzigo wa muuza sabuni anayesifu bidhaa yake, na mzigo wa redio au runinga inayopeperusha kipindi. Kwa hivyo "haki za matangazo ya Ligi Kuu" laweza kufasiriwa na mtu asiyejua kuwa ni ruhusa ya kusimamisha mabango ya bia kandokando ya uwanja, jambo ambalo nalo huuzwa, lakini kwa mkataba mwingine kabisa. Ndiyo maana katika makala haya tumechagua kusema "haki ya kutangaza", ingawa nayo haitutoshelezi sana.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo imo katika neno "haki" lenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili haki hudaiwa, hutolewa, hunyimwa, hupotoshwa. Mtu hudhulumiwa haki yake. Si kitu cha kupeleka mnadani. Tunapotaka kusema juu ya ruhusa inayonunuliwa tunayo maneno mengine: kibali, leseni, hata ridhaa. Sasa, je, huyo auzaye mechi anauza haki, au anauza kibali? Na kama ni kibali, nani aliyempa mamlaka ya kukitoa? Swali hili linaonekana kama mchezo wa maneno tu, lakini mahakimu wa nchi mbalimbali wamelikabili kwa muda wa karibu karne nzima, na majibu yao ndiyo yaliyoijenga biashara hii ya mabilioni. Ni vyema basi tuanze kwao kabla ya kufika kwenye fedha.

Mnara wa Sydney na baa ya Portsmouth

Kisa ambacho wanasheria hupenda kukianzia hakihusu kandanda wala hakikutokea Ulaya. Katika jiji la Sydney, Australia, palikuwa na uwanja wa mbio za farasi ulioitwa Victoria Park. Jirani mmoja wa uwanja huo, bwana Taylor, aliruhusu jukwaa refu lijengwe katika ardhi yake mwenyewe. Mtangazaji wa kituo cha redio alipanda juu ya jukwaa hilo, akaziona mbio kwa kuupita ua kwa macho, akawaeleza wasikilizaji farasi yupi anaongoza na yupi ameshinda. Watu wakaacha kulipa kiingilio. Kampuni ya uwanja ikaenda mahakamani, na mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Australia, kwa wingi wa mahakimu, ikaamua kwamba hakuna kosa lililotendwa. Tamasha, walisema, si mali inayomilikiwa. Aliye katika ardhi yake anaweza kutazama anachokiona na kukisimulia; asiyetaka kutazamwa na ainue ua wake.

Mwenye ua wa makuti atalielewa jibu hilo upesi. Na tukitaka kuielewa haki ya kutangaza kandanda tangu wakati huo hadi leo, twaweza kuiona kuwa ni mkusanyiko wa nyua. Ua wa kwanza ni lango la uwanja: klabu ndiyo imilikiyo au ikodishayo uwanja, na haimlazimu kumruhusu mtu kuingia na kamera. Ua wa pili ni masharti ya tiketi, yanayomkataza mtazamaji kupiga picha za kurusha hewani. Ua wa tatu ni hakimiliki ya filamu iliyopigwa, kwani mchezo wenyewe ukiwa si mali, picha zake zilizonaswa ni mali. Ua wa nne ni usimbaji wa mawimbi, yaani kuyafunga kwa fumbo ambalo king'amuzi peke yake ndicho kinachoweza kulifumbua. Na ua wa tano ni sheria inayomwadhibu anayefumbua bila kulipa. Hakuna hata mmoja katika nyua hizi uliojengwa juu ya wazo kwamba mtu fulani anamiliki bao.

Ujerumani yatupa mfano ulio wazi. Kulikuwa na huduma iliyoitwa Hartplatzhelden iliyowawezesha watu kuonyesha vipande vifupi vya picha walizopiga wenyewe katika mechi za ridhaa, zile za mitaani na vijijini. Chama cha kandanda cha Württemberg kilishtaki, kikidai kwamba mechi zilizoandaliwa chini yake ni zake. Tarehe 28 Oktoba 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikikatalia. Ikasema chama hakina haki ya namna hiyo. Lakini ikaongeza kwamba vilabu vinaweza kujilinda kwa kutumia haki ya mwenye nyumba, kwa kumkataza mgeni asipige picha anapoingia uwanjani. Twarudi pale pale langoni.

Lakini kesi iliyotikisa biashara yenyewe ni ya mwenye baa. Karen Murphy aliendesha baa mjini Portsmouth, Uingereza. Badala ya kulipia mechi kwa kampuni yenye kibali cha Uingereza, alinunua kadi ya king'amuzi ya kampuni ya Ugiriki, akalipa takriban pauni 800 kwa mwaka, kiasi kidogo sana kuliko bei ya nyumbani. Kadi haikuwa ya wizi: ilitengenezwa na kampuni halali, ikalipiwa kihalali, kasoro yake ikiwa tu kwamba ilivuka mpaka. Murphy akashtakiwa na kutozwa faini. Hakukubali. Kesi yake ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo ilitoa hukumu tarehe 4 Oktoba 2011. Mahakama iliamua kwamba kuigawa Ulaya vipande vipande na kumzuia raia wa nchi moja asinunue kadi ya nchi nyingine ni kinyume cha uhuru wa kutoa huduma na kinyume cha kanuni za ushindani. Mwezi Februari 2012 mahakama ya Uingereza ikaifuta hatia ya Murphy.

Kwa wasomaji wa jarida hili, hata hivyo, sehemu yenye kuvutia zaidi ya hukumu ile ni nyingine. Ligi ilikuwa imedai hakimiliki. Mahakama ikauliza: je, mechi ni kazi ya kubuni, kama riwaya au wimbo? Ikajibu kwamba sivyo, kwa sababu kandanda huchezwa kwa kufuata kanuni, na kanuni hizo haziachi nafasi ya uhuru wa ubunifu unaotakiwa na hakimiliki. Hapa mtu aliyesomeshwa utenzi na shairi hana budi kushtuka kidogo. Mtunzi wa utenzi hufungwa na mizani nane katika kila kipande na kina cha bahari kinachotawala tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na hatujamsikia mhakiki hata mmoja akidai kwamba kwa sababu ya kanuni hizo mtunzi hakubuni kitu. Huenda uamuzi wenyewe ni sahihi kwa sababu nyingine (wachezaji ishirini na wawili wanaopingana hawashirikiani kutunga kitu kimoja), lakini hoja ya kanuni, kwa maoni yetu, ni dhaifu.

Mahakama haikuishia hapo. Ilisema kwamba ingawa mechi si kazi, vitu vinavyoizunguka katika matangazo ni kazi: picha za ufunguzi, wimbo wa ligi, filamu za mechi zilizopita, na michoro inayopita juu ya kioo. Hivyo mwenye baa anayeonyesha matangazo hayo kwa wateja wake anahitaji ruhusa ya wenye vitu hivyo. Bao halina mwenyewe. Nembo iliyo pembeni mwa kioo wakati bao linafungwa, inaye.

Yapo mataifa yaliyoona kwamba nyua hizi hazitoshi, yakatunga sheria mahsusi. Sheria ya michezo ya Ufaransa yasema wazi kwamba waandaaji wa mashindano ndio wenye haki ya kunufaika nayo. Italia, kwa sheria ya mwaka 2008, ilizifanya haki hizo kuwa mali ya pamoja ya mwandaaji wa ligi na klabu mwenyeji wa mechi. Katika nchi hizo neno "haki" limekaa mahali pake barabara. Uingereza, ambako fedha ni nyingi kuliko kwingine kote, haina sheria ya aina hiyo.

Kutoka pauni 5,000

Runinga na kandanda zilikutana mapema. Tarehe 16 Septemba 1937 BBC ilionyesha sehemu za mchezo wa mazoezi baina ya Arsenal na wachezaji wake wa akiba katika uwanja wa Highbury, ambao ulichaguliwa hasa kwa kuwa ulikuwa karibu na mitambo ya kurushia mawimbi. Mwaka uliofuata fainali ya Kombe la FA ilionyeshwa moja kwa moja. Lakini wakuu wa vilabu hawakuipokea runinga kama mteja. Waliiona kuwa mwizi wa watazamaji. Mapato yao yote yalikuwa langoni, na kila aliyekaa nyumbani kutazama alikuwa kiingilio kilichopotea.

Woga huo ndio ufunguo wa historia yote iliyofuata. Mwaka 1960 kituo cha ITV kilifanya mapatano ya kuonyesha mechi za ligi moja kwa moja. Mechi ya kwanza, Blackpool na Bolton, ilionyeshwa tarehe 10 Septemba, na mara vilabu vingine vikakataa kamera katika viwanja vyao, mpango ukafa. Mwaka 1964 BBC ilipoanzisha kipindi cha muhtasari wa mechi usiku wa Jumamosi, ililipa pauni 5,000 kwa msimu, fedha za kugawana vilabu vyote. Katika miaka hiyo hiyo Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, aliwashawishi wenzake wakubaliane kwamba mechi yoyote isionyeshwe moja kwa moja saa za Jumamosi alasiri ambapo viwanja vya madaraja yote vinajaa. Marufuku hayo, ya kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo kwa saa za kwao, yangali yanafuatwa Uingereza hadi leo.

Matokeo yake ni kichekesho ambacho wapenzi wa kandanda wa Nairobi na Mombasa wanakijua bila kukijua chanzo chake. Mechi inayoanza saa tisa alasiri mjini Burnley, Jumamosi, huonekana hapa kwetu moja kwa moja saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa majira yao ya baridi. Ilhali mkazi wa Burnley aliyekosa tiketi hawezi kuiona nyumbani kwake kwa njia yoyote ya halali. Ua uliinuliwa dhidi ya jirani, si dhidi ya mgeni wa mbali.

Muuzaji alikuwa mnyonge kwa muda mrefu kwa sababu wanunuzi walikuwa wawili tu, BBC na ITV, nao waliafikiana bei chini kwa chini. Mwaka 1978 ITV ilijaribu kuuvunja umoja huo kwa kununua ligi peke yake, ikazuiwa na wasimamizi wa biashara. Mechi za ligi zilianza kuonyeshwa moja kwa moja kwa utaratibu wa kudumu mwaka 1983, na mwaka 1985 pande mbili zilipogombana juu ya bei, nusu ya kwanza ya msimu ilipita bila kandanda ya ligi kwenye runinga. Vilabu ndivyo vilivyosalimu amri. Mwaka 1988 ITV ililipa pauni milioni 44 kwa miaka minne, nayo ikapendelea kuonyesha vilabu vitano vikubwa, jambo lililowaudhi waliobaki.

Kisha setilaiti ikaingia. BSkyB iliundwa mwaka 1990 kwa kuunganisha kampuni mbili zilizokuwa zikipoteza fedha kila juma. Haikuhitaji watazamaji tu, kama ITV iishiyo kwa matangazo ya biashara. Ilihitaji watu watakaonunua dishi na kulipa ada kila mwezi, na ilihitaji kitu kimoja ambacho watu hawangekipata kwingine. Mwezi Mei 1992 vilabu 22 vya daraja la kwanza, vilivyokwisha kujitenga na ligi ya zamani ili vijiuze vyenyewe, vilipiga kura. Vilabu 14 viliikubali BSkyB, 6 vikaipinga. Miongoni mwa walioiunga mkono alikuwa Alan Sugar, mwenyekiti wa Tottenham, ambaye kampuni yake nyingine, Amstrad, ilitengeneza madishi ya setilaiti. Mkataba, ukijumuisha muhtasari wa BBC, ulitajwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano.

Tangu hapo hesabu ni ya kupanda ngazi: pauni milioni 670 kwa miaka minne tangu 1997, zaidi ya bilioni 3 kwa miaka mitatu tangu 2013, baada ya kampuni ya simu ya BT kuingia mnadani, bilioni 5.136 kwa miaka mitatu tangu 2016. Hapo ngazi ikaisha. Mnada uliofuata ulishuka. Mkataba wa sasa, wa miaka minne tangu 2025, ni wa pauni bilioni 6.7, na mwenye kuisoma tarakimu hiyo haraka atadhani bei imepanda tena. Lakini ukiigawa kwa miaka utapata kiasi kilekile kilicholipwa katika mkataba uliotangulia, na mechi zinazoonyeshwa moja kwa moja zimeongezwa kutoka 200 hadi takriban 270 kwa msimu. Kila mechi imekuwa rahisi. Ligi imeuza nafaka zaidi ili kikapu kisionekane kupungua.

Yafaa pia tueleze kwa nini vilabu huuza kwa pamoja. Kila klabu ingeweza kujiuzia mechi za nyumbani kwake, maana lango ni lake. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza walidai hivyo hasa, kwamba uuzaji wa pamoja ni njama ya kupandisha bei, nao wakashindwa mahakamani mwaka 1999. Tume ya Ulaya ikaja na rai ya kati: vilabu viendelee kuuza pamoja, lakini mechi zigawanywe mafungu na mnunuzi mmoja asiruhusiwe kuyachukua yote. Sharti hilo lilianza kazi mwaka 2007. Kampuni ya Ireland, Setanta, ikanunua mafungu mawili, na kufikia Juni 2009 ikawa imefilisika Uingereza. Mtazamaji ambaye ushindani huo ulikusudiwa kumsaidia alijikuta akilipa ada mbili mahali pa moja. Hatujaona popote katika hati za Tume maelezo ya kuridhisha juu ya jambo hilo.

Hispania iliionyesha dunia ubaya wa njia ya pili. Huko kila klabu ilijiuzia, na Real Madrid na Barcelona zilipata takriban yuro milioni 140 kila moja kwa mwaka, wakati vilabu vidogo vya daraja lilelile havikupata hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ilibidi serikali iingilie kwa amri ya mwaka 2015: asilimia 90 ya mapato iende daraja la kwanza na 10 la pili, na katika sehemu ya daraja la kwanza nusu igawanywe sawasawa, iliyobaki kwa kufuata ushindi na ukubwa wa klabu.

Ufaransa nayo inafunza kwamba bei iliyoandikwa si fedha iliyolipwa. Mwaka 2018 ligi ya huko iliiuzia kampuni ya Mediapro, yenye makao Barcelona, sehemu kubwa ya mechi zake kwa takriban yuro milioni 800 kwa msimu. Canal+, iliyokuwa imeonyesha ligi hiyo tangu 1984, ilisukumwa kando. Vilabu vikaanza kusajili wachezaji kwa fedha ambazo hazijafika. Msimu ulianza Agosti 2020; mwezi Oktoba Mediapro ikashindwa kulipa; mwezi Desemba mkataba ukavunjwa. Mwaka uliofuata Amazon ilichukua mechi nyingi za fungu hilo kwa takriban yuro milioni 250. Ikaja DAZN mwaka 2024, ikaondoka baada ya msimu mmoja, na Agosti 2025 ligi ikaamua kujiuzia yenyewe kwa mtazamaji, kwa idhaa yake iitwayo Ligue 1+. Mwenye shamba amegeuka mwenye duka. Ni mapema mno kusema kama duka litamlipa.

Mpaka, king'amuzi na lugha

Haki hizi huuzwa kwa nchi au kwa eneo, na Afrika kusini mwa Sahara aghalabu huhesabiwa kuwa eneo moja. Hili si jambo dogo kwa wenye ligi: katika kipindi cha 2022 hadi 2025 mapato ya Ligi Kuu ya Uingereza kutoka ng'ambo yalikadiriwa kuyapita yale ya nyumbani. Kwa Mkenya, maana yake ni kwamba uamuzi wa kampuni gani itamwonyesha Arsenal hufanywa London, na yeye huujua kwa kubadilisha king'amuzi. Mwaka 2007 kampuni mpya iliyoitwa GTV ilipata sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu kwa eneo letu, ikauza vifaa vyake katika nchi nyingi, kisha mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu, ikafunga. Vifaa vile vilibaki juu ya makabati vikikusanya vumbi. Mechi zikarudi SuperSport. Mwaka 2015 StarTimes ya Uchina ilinunua ligi ya Ujerumani kwa eneo hilihili, na mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa, ileile iliyosukumwa kando nyumbani kwao, ikaitwaa MultiChoice, kampuni mama ya SuperSport.

Utiririshaji kwa intaneti umeongeza nyua badala ya kuzibomoa. Amazon ilipoonyesha duru nzima ya Ligi Kuu mwezi Desemba 2019, wengi walitabiri kwamba mpaka wa nchi utakufa, kwani mtandao haujui mpaka. Mitambo ilifundishwa kuujua: hutazama anwani ya mwombaji, na kama anaomba kutoka nchi isiyolipiwa, humfungia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, nayo imewapa wenye haki njia ya kuwataka watoa huduma za intaneti waondoe kinachorushwa bila kibali. Upungufu mmoja wa utiririshaji haujaondolewa bado: huchelewa kwa sekunde kadhaa nyuma ya setilaiti. Mwenye kutazama kwa simu huambiwa bao na kelele za jirani. Neno "mubashara", ambalo vyombo vyetu vimelipokea kwa shauku kutoka Kiarabu, hapo huwa limekubaliwa kwa hisani.

Limebaki suala la lugha. Mnunuzi wa haki hapokei mechi tupu. Hupokea mkondo mmoja wa picha unaopelekwa duniani kote, pamoja na sauti ya uwanja na, akitaka, utangazaji wa Kiingereza. Mkataba humruhusu kuitoa sauti hiyo na kuweka ya watangazaji wake. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoingia: mtangazaji huketi chumbani Afrika Mashariki mbele ya kioo, akayasimulia anayoyaona watazamaji wake pia. Redio ni soko jingine lenye vibali vyake, na kwa miaka kadhaa Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitangaza mechi za Uingereza siku za Jumamosi katika kipindi cha Ulimwengu wa Soka. Kazi hizi mbili si moja. Wa redio hana budi kuujenga uwanja mzima kwa maneno, upande wa mpira, umbali wa goli, nani kamwachia nani. Wa runinga akifanya hivyo atachosha, na kwa hivyo huelekea kwenye utani, methali, majina ya kupanga, na kupandisha sauti. Yeyote anayefundisha fasihi simulizi atatambua kwamba hapa pana fanani, pana hadhira, na pana utendaji.

Sasa turudi kwenye hukumu ya 2011. Kama mechi si kazi ya kubuni, maneno ya mtangazaji je? Hayafungwi na kanuni za mchezo, yeye huchagua. Kwa sheria ya Kenya, kazi ya lugha hulindwa pale inapoandikwa, kurekodiwa au kuhifadhiwa kwa namna nyingine. Basi maneno ya mtangazaji yanayopotea hewani hayana mwenyewe, lakini yakinaswa katika mitambo ya kituo huwa kazi, na aghalabu mkataba wa ajira huifanya kazi hiyo kuwa ya kituo. Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka kuchunguza tamathali katika utangazaji wa Kiswahili wa kandanda ya Ulaya kwa muda wa miaka kumi. Sheria inampa nafasi ya kutumia kazi ya mwingine kwa utafiti na uhakiki, maadamu atakuwa mwadilifu na atamtaja mwenye kazi. Anaweza basi kunukuu. Lakini sheria haimlazimishi mtu yeyote kumfungulia ghala la rekodi, wala kuzihifadhi zisifutwe ili kupisha msimu mpya. Kama hakurekodi mwenyewe mechi zilipokuwa zikitangazwa, itambidi aende langoni kama wengine, aombe kuingia.